Mbwa Aonekanaye Porini ni Mbwa wa Mtu

Wazee walisema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake ni kwamba mbwa hufuata mwendo wa bwana wake, na mwenye kutaka kumjua mbwa na amtazame kwanza yule aliyemlea. Methali hii twaikumbuka leo kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi huliona dogo, nalo ni mbwa waonekanao porini bila mtu, katika ardhi ambamo watu wenye leseni huwinda na wanyama wa Taifa hulisha. Jambo hili huzaa ugomvi kati ya wawindaji na wakulima, huzaa ugonjwa kati ya mbwa na wanyama wa mwituni, na huzaa misiba katika nyumba za watu ambao hawakupata kushika bunduki maishani mwao. Kwa hiyo si dogo hata kidogo.

Na tuanze pale Shighatini. Kata hii iko juu milimani, katika Usangi, upande wa kaskazini wa Milima ya Upare. Leo imo katika Wilaya ya Mwanga, lakini wazee wanakumbuka siku ambazo Upare wote ulikuwa wilaya moja na makao yake yalikuwa Same. Huko juu watu wamelima migomba, mahindi, maharage na kahawa, na juu ya mashamba yao umesimama msitu wa Kindoroko. Chini yao, upande wa mashariki, kuna nyanda kavu ziendazo hadi ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Kusini mashariki, nyuma ya milima, imelala nyika ya Mkomazi.

Katika nchi ya namna hiyo mbwa si pambo. Mkulima akilala shambani wakati mahindi yanapokomaa, mbwa ndiye askari wake. Nguruwe wakija usiku, mbwa hubweka. Nyani na ngedere wakishuka kutoka msituni mchana, mbwa huwatimua. Mtu asiye na uwezo wa kujenga ua wa waya, wala wa kuajiri mlinzi, hana budi kufuga mbwa. Yatupasa kulisema jambo hili mwanzo kabisa, kwa sababu wako watu wasemao habari za mbwa wa vijijini kana kwamba ni takataka zilizotupwa. Mbwa yule ni chombo cha kazi cha mtu maskini.

Lakini chombo cha kazi hutunzwa. Jembe likiachwa nje kwenye mvua hula kutu, na panga likiachwa njiani humkata mtoto. Mbwa naye, akiachwa bila chakula, bila kamba na bila chanjo, hutafuta riziki yake mwenyewe. Mavuno yakiisha, hakuna nguruwe wa kumtimua, na makombo ya nyumbani ni machache. Basi huondoka jioni yeye na wenzake wawili watatu, hupita pembeni mwa msitu, hufuata harufu ya digidigi au funo, na asubuhi hurudi amelala kizingitini kama kwamba hakwenda popote. Bwana wake humwona amelala, akasema, "Huyu mbwa wangu ni mpole." Hajui amekula nini, wala ameumana na nani.

Mwindaji ndiye amwonaye mbwa huyu mahali ambapo bwana wake hamwoni. Yeye amelipa ada ya leseni, ameacha kazi yake siku mbili, ametembea tangu alfajiri akimnyatia mnyama, na mara mbwa watatu watokea kichakani wakibweka. Mnyama amekwenda. Hasira humpanda mtu, na bunduki iko mkononi. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa: afanye nini?

Wengi wangejibu upesi kwamba ampige risasi mbwa, na shauri limekwisha. Sisi twasema kwamba shauri halikwisha, bali ndiyo kwanza limeanza.

Kwanza, leseni ya kuwinda hutaja aina ya mnyama, idadi yake na mahali pa kumwindia. Mbwa wa mtu hayumo katika leseni hiyo. Mwenye leseni ya pongo mmoja hakupewa ruhusa ya kuhukumu kila kitembeacho kwa miguu minne. Kumiliki bunduki ni amana, na mtu aliyepewa amana hatumii hasira kuwa ndiyo sheria. Tena Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo yamkataza mtu kumtesa mnyama. Na mbwa aliyepigwa vibaya, akaachwa aburute matumbo hadi nyumbani, ameteswa.

Pili, risasi ile hufungua mlango wa uadui. Mkulima akiona mbwa wake amekuja na damu, au hakuja kabisa, hamwendei bwana mifugo kuuliza habari za chanjo. Hujifunza kuficha. Siku nyingine akimwona mwindaji, au hata askari wa wanyamapori, hanyoshi kidole kumwonyesha njia waliyopita majangili. Taifa limepoteza jicho moja kwa sababu ya mbwa mmoja.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, risasi haiponyi ugonjwa. Mbwa mmoja akiuawa, nafasi yake katika kijiji haibaki tupu. Mtoto wa mbwa hutafutwa kwa jirani, naye huja mchanga, hana chanjo, hana kinga yoyote mwilini. Mwaka 1997 kichaa cha mbwa kiliingia katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia. Wakubwa wa huko waliamuru mbwa wauawe, na mbwa kwa maelfu waliuawa. Kichaa hakikwisha. Popote auawapo mbwa kwa amri, wenye mbwa huwaficha au huwahamisha, na mbwa aliyehamishwa huhama pamoja na ugonjwa wake. Kosa hilo wamelilipia wengine. Hatuna haja ya kulinunua tena kwa bei ile ile.

Sasa na tuutazame ugonjwa wenyewe. Maradhi mawili yatuhusu zaidi katika habari hii. La kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho kila mtu amekisikia. La pili laitwa distempa, na wengi hawalijui, maana halimdhuru binadamu. Huwapata mbwa, hasa watoto wao: homa, makamasi, kuhara, kisha kutetemeka na kupooza. Mfugaji huona mbwa wake wamekufa wawili watatu, husema ni sumu au ni husuda, akatafuta wengine.

Lakini distempa haikai kijijini. Mwaka 1994 iliwaingia simba wa Serengeti. Simba walionekana wakitetemeka na kuanguka, na katika muda wa miezi michache wapatao 1,000 walikufa, yaani kiasi cha thuluthi moja ya simba wote wa nchi ile. Fisi, chui na bweha masikio nao waliguswa. Wataalamu walipochunguza walikuta kwamba ugonjwa ulihusiana na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, ambao kwa wakati ule walihesabiwa kwa maelfu mengi na wengi wao hawakuwa na chanjo. Simba, ambaye mwindaji mwenye bunduki kubwa humwogopa, aliangushwa na ugonjwa wa koko alalaye jikoni.

Asemaye kwamba Serengeti ni mbali na Upare na atazame chini ya milima yake mwenyewe. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 2008 ikawa hifadhi ya Taifa. Mwaka 1995, ikingali pori la akiba, ulianzishwa humo mradi wa kuwazalisha mbwa mwitu, kwa kuwa wanyama hawa walikuwa wamekwisha toweka sehemu nyingi za Afrika. Watoto wa mbwa mwitu waliletwa kutoka nyika ya Wamasai, wakatunzwa ndani ya ua, wakazaana. Kisha, mwezi Desemba mwaka 2000, distempa iliingia. Mbwa mwitu walikuwa 52. Katika muda wa miezi miwili walikufa 49. Watatu tu ndio waliobaki.

Na msomaji aipime habari hiyo kwa makini. Wanyama wale hawakuwa wametupwa. Walikuwa na ua, na walinzi, na daktari. Tena walikuwa wamechanjwa, kwa chanjo ya virusi vilivyouawa, lakini chanjo hiyo haikuwakinga. Virusi vilivyowaua vilipochunguzwa vilionekana kuwa jamaa wa karibu wa virusi vilivyokwisha onekana Tanzania kabla ya hapo. Havikutoka ng'ambo. Kazi ya miaka mitano iliteketea katika siku zisizozidi sitini.

Ugonjwa haupandi gari wala haununui tiketi, lakini husafiri. Mbwa wa mlimani hukutana na mbwa wa Lembeni barabarani siku ya soko. Wa Lembeni hukutana na wa Same. Wa Same hukutana na wa Kisiwani, ukingoni mwa Mkomazi. Kwa hiyo mtu wa Shighatini asiseme kwamba mbwa wake hajafika Mkomazi. Si lazima afike yeye. Atosha kufikisha salamu.

Kichaa cha mbwa ni habari nyingine, maana chenyewe humwua mtu. Duniani kote hukadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa, na karibu wote walikipata kutoka kwa mbwa. Katika Tanzania, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliokuwa wakifa huenda walifikia 1,500 kwa mwaka, yaani yapata mara mia ya wale walioandikwa katika taarifa rasmi. Wengine walifia nyumbani, wakazikwa, na watu wakasema wamerogwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama adhaniwaye kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto atumwaye maji, mtoto achungaye mbuzi pembeni mwa pori, ndiye akutanaye na mbwa yule ambaye mwindaji alimwona jana akampita kimya.

Ndiyo sababu twasema kwamba mwindaji ana wajibu, na wajibu huo si kuua, bali ni kuona vizuri na kupeleka habari. Na tuutaje kwa utaratibu.

Wajibu wa kwanza ni kumtambua aliye mbele yake. Si kila mbwa wa porini ni mbwa wa kijiji. Mbwa mwitu ana masikio makubwa ya mviringo, mwili wa madoa meusi, ya manjano na meupe yaliyochanganyika, na ncha ya mkia aghalabu ni nyeupe. Katika miguu ya mbele ana vidole vinne, ambapo mbwa wa nyumbani ana cha tano kilichokaa juu kidogo. Zamani za ukoloni mbwa mwitu waliuawa sehemu nyingi za Afrika kama viumbe waharibifu, na askari wa wanyama wenyewe ndio waliowapiga. Hesabu iliyotolewa na wahifadhi wa dunia mwaka 2012 ilisema kwamba mbwa mwitu wakubwa waliosalia Afrika nzima walikuwa kiasi cha 6,600 tu, na kusini ya Tanzania ni moja ya ngome zao kubwa. Mtu apigaye risasi kabla hajatazama masikio na mkia aweza kumwua mnyama ambaye Taifa linamtafuta kwa gharama.

Wajibu wa pili ni kumtazama mbwa mwenyewe hali yake. Je, ana mkanda shingoni? Anamwogopa mtu, akakimbia kuelekea kijijini? Huyo ni mzururaji wa kawaida. Je, yuko pamoja na watu wenye mikuki, nyavu au mitego? Hilo si shauri la mbwa tena, ni ujangili. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda kwa kutumia mbwa, pamoja na sumu, mitego na taa za usiku, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi. Mwindaji asijitie kati ya watu kama hao peke yake. Na ajitenge, kisha apeleke habari. Au je, mbwa anapepesuka, mate yanamtiririka, taya limelegea, sauti imebadilika, anauma miti na mawe, au amekuwa mpole kupita kiasi na kumfuata mtu asiyemjua? Huyo adhaniwe kuwa na kichaa mpaka ithibitike vinginevyo.

Wajibu wa tatu ni kujizuia. Mbwa mzima asipigwe risasi, asirushiwe mawe, asiitwe wala asipewe chakula. Mwindaji na akae mahali pake, apunguze kelele, amwache apite. Na ikiwa windo limeharibika, limeharibika. Msasi wa kweli hujua kwamba kuna siku za kurudi mikono mitupu. Mbwa adhaniwaye kuwa na kichaa akimshambulia mtu, basi uhai wa mtu huja kwanza na hakuna atakayemlaumu mwenye kujitetea. Lakini hata hapo kichwa cha mbwa kisipasuliwe kwa risasi wala kwa rungu, maana daktari wa mifugo huupima ugonjwa katika ubongo. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, usichunwe, usitupwe kwa mbwa wengine wala kuachiwa fisi. Na uwekwe mlinzi mpaka bwana mifugo afike, kisha uchomwe au ufukiwe shimo refu.

Wajibu wa nne ni juu ya matumbo ya windo. Wawindaji wengi wana desturi ya kuwatupia mbwa mapafu na maini mabichi, wakidhani ni ukarimu. Ukarimu huo ni wa hatari. Katika viungo vya wanyama, wa mwituni na wa kufugwa, huwamo malengelenge yenye maji ambayo ndani yake mna mbegu za tegu mdogo. Mbwa akila, tegu hukua tumboni mwake. Mayai hutoka pamoja na kinyesi, huingia katika maji na mboga, na mtu akiyameza huota uvimbe mkubwa wa maji katika ini au mapafu. Waturkana wa Kenya wameteswa na maradhi haya kuliko karibu watu wote duniani, na miongoni mwa wafugaji wa Tanzania nayo yameonekana. Tena mbwa aliyepewa matumbo porini mara moja atarudi mara kumi. Matumbo na yafukiwe, au yachomwe, na kile kitakachopewa mbwa kichemshwe kwanza.

Wajibu wa tano ni kupeleka habari. Mwindaji na aandike siku, saa, mahali, idadi ya mbwa, rangi zao, na upande waliokokwenda. Akirudi, na aifikishe habari hiyo katika ofisi ya kijiji na kwa bwana mifugo wa kata. Na ikiwa ni ndani au karibu ya hifadhi, kwa askari wa wanyamapori. Jambo hili huchukua dakika kumi. Kwa dakika hizo kumi bwana mifugo hupata kujua ni kitongoji gani chenye mbwa wasiofungwa, na wapi apeleke sindano kwanza. Mwindaji mmoja aandikaye vizuri ana faida kuliko wawindaji kumi wapigao ovyo.

Ikiwa mtu ameumwa, pasiwe na mashauri marefu. Jeraha na lioshwe mara ile ile kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu. Lisipakwe mafuta, jivu wala pilipili. Kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe zake, hata kidonda kikiwa kimekwisha pona. Kichaa hukaa mwilini kimya kwa majuma au miezi, na dalili zikianza kuonekana hakuna dawa. Mbwa aliyemuma mtu, akiweza kufungwa salama, na afungwe atazamwe kwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku ile alipouma.

Haya yote ni ya mwindaji. Lakini tumekwisha sema kwamba mbwa aonekanaye porini ni mbwa wa mtu, na mtu huyo hawezi kukaa pembeni huku mwenziwe akifundishwa adabu. Mwenye mbwa na ajiulize mambo matatu tu. Usiku mbwa wangu yuko wapi? Mwaka huu amechanjwa? Ninao mbwa wangapi ninaoweza kuwalisha? Mtu awezaye kulisha mmoja akafuga watano, amefuga wanne kwa chakula cha pori. Mbwa wa shamba na afungwe jioni ambapo hakuna mahindi ya kulinda, avishwe mkanda ili ajulikane ni wa nani, na watoto wa mbwa wasigawanywe njiani kama maembe.

Habari za chanjo zahitaji maneno kidogo, maana watu husema, "Mbwa wangu mmoja atabadili nini?" Wataalamu wamethibitisha kwamba kijiji kikichanja mbwa 70 katika kila 100, na kikarudia kila mwaka, kichaa hukosa njia ya kupita, kikafa chenyewe. Haihitajiwi kumpata kila mbwa. Lakini haitoshi kuwapata 30 au 40, na haitoshi kuchanja mwaka mmoja kisha kulala, kwa kuwa mbwa hufa upesi na wengine huzaliwa. Pemba ni shahidi wetu wa karibu. Kwa kampeni za chanjo kisiwa kile kiliondoa kichaa mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje. Watu hawakukata tamaa wala hawakuanza kuua mbwa ovyo. Walirudia kuchanja, na kufikia mwaka 2018 kikawa kimeondolewa mara ya pili.

Juu ya distempa yatupasa kusema kweli zaidi. Kwanza, sindano ya kichaa si sindano ya distempa. Ni chanjo mbili mbalimbali, na mwenye mbwa hana budi kuuliza ni ipi aliyopewa. Pili, kandokando ya Serengeti mbwa wengi wamechanjwa kwa miaka, na ugonjwa umepungua kwa mbwa. Hata hivyo virusi vimeendelea kuonekana kwa simba, kwa maana vikisha ingia mwituni wanyama huambukizana wenyewe. Fundisho lake ni dhahiri. Kwa kichaa, sindano yaweza kutosha. Kwa distempa, sindano peke yake haitoshi. Sharti mbwa na mnyama wa mwituni wasikutane. Ndiyo kusema kwamba chanjo isiwe kisingizio cha kumwacha mbwa azurure, na kamba isiwe kisingizio cha kukwepa chanjo. Vyote viwili vinatakiwa.

Wapare hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili na mtu wa mbali. Tangu zamani wamejenga ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji ya usiku ili mchana yashuke mashambani, na wameyatunza kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Mtu mmoja akiacha sehemu yake ya mfereji ibomoke, maji hayapotei kwake peke yake; hupotea kwa wote walio chini yake. Mbwa asiyechanjwa wa kitongoji cha juu ni mfereji uliobomoka. Basi siku ya chanjo na iwe kama siku ya msaragambo: itangazwe mapema misikitini, makanisani na shuleni, wenyeviti wa vitongoji na mabalozi wa mashina wahesabu mbwa nyumba kwa nyumba, vijana wenye nguvu wawashike mbwa kwa kamba, wasiachiwe watoto kazi hiyo, na bwana mifugo asifike akakuta watu watatu chini ya mti.

Halmashauri nazo zina sehemu yao, wala hatutawaficha. Mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kukosa sindano ambayo haikuletwa. Bei ya chanjo ikizidi uwezo wa mkulima, mbwa watabaki bila chanjo, na gharama itahamia hospitali, ambako dozi za mtu mmoja aliyeumwa huzidi kwa mbali gharama ya kumchanja mbwa aliyemuma. Mwenye kupanga matumizi ya fedha za umma na apige hesabu hiyo, ataona upande upi una hasara. Na mapato yapatikanayo kwa uwindaji yasisahau vijiji vilivyo kando ya mapori. Chanjo ya mbwa wa vijiji hivyo ni ulinzi wa wanyama wale wale wanaoleta mapato.

Tumeambiwa mara nyingi kwamba wanyama wa mwituni ni urithi wa Taifa. Urithi hulindwa na wengi, wala si na askari peke yao. Mwindaji huulinda kwa kushusha bunduki yake mahali ambapo hasira yataka kuinyanyua, na kwa kuandika alichokiona. Mkulima huulinda kwa kamba ya katani na kwa kumpeleka mbwa wake penye sindano. Mmoja yuko bondeni na mwingine yuko mlimani, na katikati yao yupo mbwa mmoja, hajui mpaka wa pori wala mpaka wa shamba.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mbwa mwitu 49 walikufa Mkomazi, na hakuna awezaye kuwarudisha. Lakini mbwa atakayeondoka Shighatini jioni ya leo bado yuko uani. Bwana wake angali na nafasi ya kumfunga.